Kufufuka, Kuzawa, Kuwa Tena: Funzo la Kufasiri Istilahi za Kibuddha kwa Kuanzia Faza

1. Utangulizi

Kila lugha ina maneno yake ya kuyataja yanayomfika mtu baada ya kufa. Maneno hayo hulelewa na dini, na mila, na namna wenye lugha wanavyowazika wafu wao. Mtoto wa Faza, mji wa Wabajuni ulio upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, huyasikia maneno kiyama, barazakhi, mahashari na kufufuliwa tangu anapoketi chuoni kusoma juzuu yake ya kwanza. Wenyeji wenyewe huuita mji huo Rasini, na lahaja yao ni Kitikuu, ndugu wa Kiamu, Kipate na Kisiyu. Kwa hiyo anapokuja kusomea Kiswahili katika chuo kikuu, mtoto huyo huja na hazina ya istilahi za akhera iliyokwisha kukomaa karne nyingi kabla yake.

Swali la makala haya ni hili: hazina hiyo ifanyiwe nini pale inapotakiwa kubeba mafundisho ya dini nyingine, yenye mtazamo mwingine kabisa wa kifo? Si swali la kubuni. Ubuddha uko Afrika Mashariki. Wasinhala waliohamia Dar es Salaam walianzisha hekalu lao mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda ilipata kituo chake cha Kibuddha mwaka 2005. Wasomaji wa Kiswahili wanaouliza habari za dini hiyo hujibiwa kwa Kiswahili, na mara nyingi jibu huanza na maneno "kuzaliwa upya". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo mawili huficha zaidi ya yanavyofichua, na kwamba Kiswahili kina njia bora zaidi, ikiwa tutaipima mofolojia yake kwa makini.

Maandiko tunayoyalenga ni yale ya kale ya Kibuddha yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali. Yalisomwa kwa moyo vizazi kwa vizazi, kisha yakaandikwa huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Maneno ya Kipali tumeyaandika hapa kwa tahajia iliyo karibu na ya Kiswahili.

2. Maneno tuliyorithi

Kabla ya kuazima chombo, sharti mtu ajue kilichomo ndani yake. Tuyatazame maneno manne ambayo mfasiri anaweza kuyakimbilia.

La kwanza ni kufufuka. Umbo lake linastahili kuchunguzwa. Tunazo jozi kama funga na fungua, ziba na zibua, ambamo kiambishi -u- hutengua tendo la awali; hii ndiyo kauli ya kutendua. Fufua na fufuka zina sura hiyo hiyo, na pembeni yake limesimama neno mfu. Si kila kitenzi chenye -ua hutengua jambo, maana kuchagua hakutengui chochote. Lakini katika fufua maana yenyewe inashuhudia: kilichofungwa na kifo kinafunguliwa. Kufufuka, basi, ni kutenguliwa kwa kifo. Aliyekufa ndiye anayesimama, mwenye jina lake na amali zake. Ndiyo maana neno hili limekaa vizuri kwa Waislamu na kwa Wakristo pia. Amiri Hamad, jemadari wa Sultani wa Zanzibar aliyeuawa mwaka 1844 katika vita dhidi ya Siyu, alizikwa Faza. Kaburi lake hujulikana kwa jina lake hadi leo. Mantiki ya kaburi lenye jina ni mantiki ya ufufuo, maana jina linamngoja mwenyewe.

La pili ni kiyama, pamoja na jamaa zake barazakhi na mahashari. Kiyama hutokana na kusimama, barazakhi ni kizuizi kati ya kufa na kufufuliwa, na mahashari ni mkusanyiko wa viumbe siku ya hukumu. Maneno haya yamepangwa katika mstari ulionyooka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliuhutubia moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka baada ya fahari, kisha akaufikisha mbele ya adhabu ya Jahannamu. Mwendo ni dunia, kaburi, kisha hukumu. Njia hiyo haina kona ya kurudia duniani.

La tatu ni kuzaliwa mara ya pili. Maneno haya yameenea kupitia tafsiri za Biblia, hasa mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika sura ya tatu ya Injili ya Yohana. Humo anayezaliwa mara ya pili ni mtu aliye hai. Kinachobadilika ni hali yake mbele ya Mungu, na hakuna kifo cha mwili kati ya kuzaliwa kwa kwanza na kwa pili.

La nne halisikiki sana mitaani, lakini wanazuoni wanalijua: tanasukhi. Ni neno la Kiarabu, na al-Biruni alilitumia alipoandika juu ya itikadi za Wahindi yapata mwaka 1030. Mzizi wake ndio uliotupa nuskha na mansukhi, yaani kunakili na kuondoa kimoja ili kingine kishike mahali pake. Msomaji wa Rasini ataufahamu mzizi huo upesi, kwa kuwa mji jirani wa Siyu ulisifika kwa wanakili wa misahafu. Hata hivyo, katika elimu ya dini tanasukhi ilikwisha kufungwa kwenye maana moja: roho kutoka katika mwili huu na kuingia katika mwili ule. Kwa hiyo neno hili hudai kuwapo kwa roho inayosafiri.

Tukiyaweka maneno haya pamoja, tunaona kwamba kila moja limekwisha kujibu maswali matatu: ni nini kinachorudi, kinarudi wapi, na kwa sababu gani. Kufufuka kunajibu kwamba anarudi mtu yule yule, mbele ya Mola wake, kwa amri ya Mola. Kuzaliwa mara ya pili kunajibu kwamba ni mtu huyu huyu, hapa hapa, kwa neema. Tanasukhi inajibu kwamba ni roho, katika mwili mwingine. Maswali hayo matatu ndiyo mizani ya makala haya.

3. Istilahi za Kipali zinasemaje?

Maandiko ya Kipali hayana neno moja la jambo hili. Yana kundi la maneno, na kila neno lina kazi yake.

Punabhava limeundwa na puna, yaani tena, na bhava, yaani kuwa. Maana yake ya neno kwa neno ni kuwa tena. Jati hutokana na mzizi wenye maana ya kuzaa, nayo ni kuzawa. Ulinganisho wa maneno haya mawili ndio kiini cha hoja yetu. Punabhava ina "tena" lakini haina "kuzawa". Jati ina "kuzawa" lakini haina "tena". Mfasiri anayeyaandika yote mawili kuwa kuzaliwa upya ameyavunja madau mawili ili aunde jahazi moja, na msomaji wake hatajua kamwe kwamba yalikuwa mawili. Zaidi ya hayo, neno "upya" halimo katika lolote kati yao.

Tofauti hiyo ina uzito katika mafundisho. Katika mfululizo wa visababishi kumi na viwili ambao Wabuddha hueleza kwao chanzo cha mateso, kiu huzaa kushikilia, kushikilia huzaa kuwa, kuwa huzaa kuzawa, na kuzawa huleta uzee na kifo. Bhava ni kiungo cha kumi na jati ni cha kumi na moja. Kama yote mawili yakifasiriwa kwa neno moja, mnyororo unakuwa na kiungo kinachojizaa chenyewe, na hoja nzima inapotea.

Samsara mara nyingi hufasiriwa kuwa mzunguko. Lakini mzizi wa neno hautaji duara. Unataja kwenda na kuendelea kwenda, na kwa Kiswahili kinachoukaribia zaidi ni kutangatanga. Mzunguko humrudisha mtu alipoanzia. Anayetangatanga hana ahadi ya kufika popote, na huo ndio uchungu ambao maandiko yanataka usikike.

Upapati ni kutokea mahali. Maandiko hulitumia hasa pale yanaposimulia kwamba kiumbe, mwili wake ukishavunjika, hutokea katika hali njema au mbaya kwa kadiri ya matendo yake. Hawatajwi hapo mama wala tumbo la uzazi. Kuna viumbe wanaosemwa kutokea wenyewe, bila wazazi. Kwa hiyo kuandika "kuzaliwa" mahali hapo ni kuwapa wazazi viumbe ambao andiko limewanyima.

Pubenivasa hufasiriwa kwa kawaida kuwa maisha ya zamani. Neno lenyewe linasema makazi ya awali. Anayeyakumbuka ni kama mtu anayetaja vijiji alivyowahi kukaa: huko niliitwa jina fulani, nikala chakula fulani, kisha nikaondoka.

Mwisho ni kandha, jina la sehemu tano ambazo kiumbe huchambuliwa kwazo: umbo, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Maana ya msingi ya neno hili ni rundo. Kiswahili kina neno linalolitosha kabisa, nalo ni fungu. Anayekwenda sokoni akanunua fungu la samaki anajua kwamba fungu si samaki wa sita aliyejificha chini ya wale watano. Ni samaki wenyewe waliowekwa pamoja, na wakiondolewa, fungu haliendi mahali. Kwa mfano huo wa sokoni msomaji wa pwani anaweza kulielewa fundisho ambalo vitabu vingi hulieleza kwa kurasa nyingi, kwamba ndani ya mafungu matano hakuna mwenyewe wa sita.

4. Ni nani anayerudi?

Hapa tunagusa swali la kwanza la mizani yetu. Maandiko yanasimulia juu ya mtawa aliyeitwa Sati, mwana wa mvuvi, aliyeshika kwamba fahamu ile ile moja, bila kubadilika, ndiyo inayotangatanga kutoka maisha hadi maisha. Buddha alimkemea vikali. Alifundisha kwamba fahamu hutokea kwa sababu fulani, na sababu hizo zikikosekana nayo haitokei. Kama vile moto unavyoitwa kwa kuni zake, moto wa magogo au moto wa nyasi. Ikiwa kosa la Sati lilistahili kukemewa kwa Kipali, halistahili kuingizwa kwa mlango wa nyuma katika Kiswahili, na neno "roho" ndilo mlango huo.

Kitabu cha maswali ya mfalme Milinda, ambaye ni yule Menandros wa Wayunani wa karne ya 2 kabla ya Kristo, kinalijibu swali hilo kwa mfano wa taa. Mfalme anamuuliza mtawa Nagasena kama anayetokea baada ya kifo ni yule yule aliyekufa au ni mwingine. Nagasena anamwelekeza kwenye taa inayowaka usiku kucha. Mwali wa zamu ya kwanza si ule wa zamu ya mwisho, lakini pia hatusemi kwamba taa zilikuwa mbili. Si yule, wala si mwingine.

Msomaji wa Faza hana haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano wa pili. Mwaka 1587 Wareno waliotoka Goa waliuteketeza mji huo, wakawaua watu wake na kuikata minazi, kwa sababu uliungana na nahodha Mturuki Mir Ali Bey. Baadaye mji ukakaliwa tena. Mwaka 2009 moto ulizila nyumba nyingi za Faza, na mji ukajengwa tena. Tunasema kwa kawaida kwamba mji "umefufuka". Je, Faza ya leo ni ile ya mwaka 1586? Kuta si zile, makuti si yale, wala watu si wale. Hata hivyo hakuna atakayesema ni mji mwingine, kwa kuwa kila kizazi kimetokana na kilichokitangulia, na kila ujenzi umeanzia pale ulipoishia uliopita. Mfano huu una mpaka wake: mji una ardhi inayobaki, lakini katika fundisho la Kibuddha hakuna ardhi kama hiyo chini ya kiumbe. Kinachoendelea ni mfuatano wa sababu na matokeo. Walakini unatuonyesha kwamba neno kufufuka likitumiwa kwa mji hulegea, na likitumiwa kwa mtu hukaza. Mfasiri asiyetofautisha matumizi hayo mawili atakaza pale ambapo andiko linalegeza.

Swali la tatu, la sababu, hujibiwa kwa neno tanha. Maana yake halisi ni kiu, na halihitaji kubadilishwa. Kiu hiyo ndiyo inayosifiwa katika hotuba ya kwanza ya Buddha kwa kivumishi kinachotokana na punabhava, yaani iletayo kuwa tena. Mwenzake ni upadana, neno lenye maana mbili kwa pamoja: kushikilia, na kuni zinazolisha moto. Moto usiotiwa kuni huzimika, na nibana ni neno linalotumika pia kwa moto uliozimika. Hakuna hapa amri ya hakimu wala siku ya hukumu.

5. Mgogoro wa tafsiri ya jati

Wanafunzi wa istilahi wasidhani kwamba Wabuddha wenyewe wamekubaliana. Mfafanuzi mkuu Buddhaghosa, aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, aliugawa mnyororo wa visababishi kumi na viwili katika maisha matatu: yaliyopita, haya, na yajayo. Kwa mtazamo huo jati ni kuzawa kwa mwili. Katika karne ya 20 mtawa wa Thailand, Buddhadasa (1906–1993), alisisitiza usomaji mwingine: kwamba jati katika mnyororo huo ni kuzawa kwa "mimi" moyoni, jambo linaloweza kutukia mara nyingi kwa siku moja.

Kila upande una la kushika. Maandiko yanapoifafanua jati hutaja viumbe wa makundi mbalimbali wakizawa na milango yao ya fahamu ikipatikana, na maelezo hayo yanaegemea kuzawa kwa mwili. Upande wa pili unajibu kwamba fundisho limetolewa ili mtu ayamalize mateso hapa alipo, na kiu yenyewe anaiona moyoni mwake leo.

Mfasiri afanye nini? Si kazi yake kuumaliza mgogoro ndani ya neno moja. Akiandika "kuzaliwa katika maisha yajayo" amempa ushindi Buddhaghosa. Akiandika "kuzuka kwa nafsi moyoni" amempa ushindi Buddhadasa. Kuzawa, neno fupi na la kale katika ushairi wetu, linawaacha wote wawili wasimame mbele ya msomaji. Utata uliomo katika asili ni mali ya asili, na mwenye kufasiri hana ruhusa ya kuupunguza.

6. Mapendekezo

Kwanza, punabhava ifasiriwe kuwa tena. Kitenzi kuwa kinafaa kwa sababu ya pili pia: tunaposema "amekuwa mwalimu" tunataja badiliko, na bhava nayo ina maana zote mbili, ya kuwapo na ya kugeuka kuwa.

Pili, katika sehemu za mafundisho vitumike vitenzi-jina vya ngeli ya KU. Kitenzi kilichonyambuliwa kwa nafsi kinatulazimisha kutaja mtenda. Tukiandika "alikufa, akazaliwa tena", kiambishi a- kilichojirudia kimekwisha kumwambia msomaji kwamba ni yule yule. Tukiandika "kufa kunafuatwa na kuwa tena", tendo linabaki bila mwenyewe, kama fundisho linavyotaka. Katika masimulizi, hata hivyo, a- na ni- zibaki, kwa maana Buddha mwenyewe alizungumza lugha ya watu aliposimulia makazi yake ya awali.

Tatu, jati iwe kuzawa, upapati iwe kutokea, samsara iwe kutangatanga, kandha iwe fungu, na tanha iwe kiu. Maneno yote haya yamo vinywani mwa watu, hakuna lililobuniwa. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwana wa Lamu aliyetupa neno runinga, alitufundisha kuzitazama lahaja za kaskazini kabla ya kukopa ng'ambo. Tunaweza kuongeza kwamba kabla ya kubuni neno, mtu ayatazame yale ya sokoni na ya pwani.

Nne, kufufuka, kiyama na kuzaliwa mara ya pili viachwe katika nyumba zake. Kuviondoa humo ni hasara kwa pande mbili: Mbuddha anasemeshwa asilolisema, na Mwislamu na Mkristo wananyang'anywa ukali wa maneno yao.

Tano, upadana na nibana zibaki kwa Kipali zikifuatwa na maelezo, kwa kuwa hakuna neno letu moja linaloshika maana zake zote. Tunao mfano wa kale kisiwani Pate kwenyewe. Sayyid Aidarus alipoifasiri Hamziya ya al-Busiri, Kiswahili kiliandikwa chini ya Kiarabu, mstari kwa mstari, na asili ikabaki machoni pa msomaji. Hiyo ni heshima kwa asili, na pia ni ulinzi kwa mfasiri, kwa kuwa kila msomaji anaweza kumpima.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kufasiri istilahi hizi hautokani na umaskini wa Kiswahili. Unatokana na utajiri wake, maana maneno yaliyo karibu na mkono yamekwisha kujazwa imani za watu kwa karne nyingi. Anayeyajua kwa undani, kama wanavyoyajua watu wa Rasini, ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kuona pasipowafaa wengine. Kulijua vyema neno kufufuka ni hatua ya kwanza ya kulielewa fundisho lisilo na kufufuka.

Kwa wanaotaka kuendelea na funzo hili, tunapendekeza mazoezi mawili. La kwanza: chukua maneno ahera, maisha ya milele na mizimu, uyapime kwa maswali matatu ya makala haya. La pili: andika aya moja inayoeleza mfano wa taa ya Nagasena bila kutumia roho, kuzaliwa upya wala kufufuka. Atakayeimaliza aya hiyo atakuwa amejionea mwenyewe ni kiasi gani cha fikra yetu hubebwa na viambishi vidogo tusivyovitazama.